Kuandika ili kushinda papara na hamaki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye mdomo wake, kidole chake au mfuko wake hutangulia akili. Anajibu kabla hajamaliza kusikia, ananunua kabla hajahesabu, anaondoka kwa hasira halafu hajui pa kurudia. Majibu mengine hapa ni marefu na mengine mafupi, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Papara ni maradhi, tabia, au hulka ya kuzaliwa?

Kiswahili kimeigawa vizuri kuliko tunavyofikiri. Pupa ni ya kutaka. Hamaki ni ya ghadhabu. Kukurupuka ni kwa aliyeshtuliwa, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Zote zina jambo moja: kati ya kinachokuchokoza na unachokitenda, nafasi imekuwa nyembamba mno hata huioni.

Sehemu ni hulka. Sehemu ni umri: eneo la mbele la ubongo, linalosaidia kujizuia na kupanga, huendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Na sehemu kubwa ni hali ya siku ile: njaa, usingizi haba, joto, watu wanaokutazama. Mtu yule yule anayejibu kwa upole baada ya chai huwa simba saa tisa mchana akiwa hajala.

Wepesi peke yake si papara. Nahodha anayeshusha tanga mara tu upepo unapogeuka anatenda haraka, lakini ameshalifanya jambo hilo mara mia. Papara ni haraka isiyokuwa na mazoezi nyuma yake. Ndiyo maana inawezekana kuifanyia mazoezi, na daftari ni pahala pa kuyafanyia.

Kuandika kutanisaidiaje, ikiwa jambo limeshatokea?

Watu wengi huanza na matarajio yasiyo sahihi hapa. Usidhani kwamba daftari litakuzuia leo ukiwa tayari umepandwa na munkari; halitakuzuia. Kazi yake ni kukuonesha ile dakika moja *kabla* ya tendo, ambayo kwa kawaida hupita bila ya kuonekana. Ukiiandika mara kumi utaanza kuitambua inapokuja mara ya kumi na moja, na ukiitambua una pa kushika.

Kwa hiyo usiandike sana juu ya kosa lenyewe. Kosa unalijua, na jirani analijua. Andika dakika iliyolitangulia.

Kuna utafiti wowote, au ni maneno tu?

Upo, na unapaswa kusomwa kwa uangalifu. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall, wa Marekani, walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa chuo kikuu waliandika kwa dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioandika kwa kina juu ya mambo yaliyowaumiza, matukio pamoja na hisia, walitoka na huzuni zaidi siku zile zile, lakini miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya mara chache zaidi. Majaribio mengi yamefuata tangu hapo, na yakijumlishwa pamoja faida ya wastani ni ndogo. Tena hilo lilikuwa juu ya machungu ya zamani, si juu ya papara.

Kilicho na nguvu zaidi kwa shida yetu ni kazi ya Peter Gollwitzer juu ya mipango ya “ikiwa… basi…”. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 na kukuta kwamba mtu anayetaja mapema *lini na wapi* atafanya nini hutimiza azma yake zaidi, kwa tofauti ya wastani hadi kubwa, kuliko mwenye nia tupu. Njia tunayoieleza hapa inatumia kuandika ili kupata ile “ikiwa” iliyo sahihi. Bila ya daftari watu huibahatisha, na huibahatisha vibaya.

Nahitaji vitu gani?

Daftari la skuli la kurasa 48 linatosha miezi miwili. Kaunta buku ni zuri lakini ni zito, na likiwa zito litabaki nyumbani. Tumia kalamu ya kawaida ya bik. Wino wa jeli hutambaa karatasi ikipata unyevu, na wakati wa masika hapa kwetu Zanzibar karatasi huwa kama imelala nje. Litie daftari kwenye mfuko wa nailoni.

Simu inafaa ikiwa huna budi, ila ina kasoro moja kubwa: ndipo papara nyingi zinapofanyikia. Unafungua uandike, unakutana na grupu.

Niandike nini hasa?

Mambo matano, kwa mpangilio huu:

1. Siku, saa, mahali, na hali ya mwili (umekula? umelala? umesimama juani?).
2. Dakika ya mwisho kabla ya tendo: ulichoona au kusikia, kwa maneno yenyewe, na mwili ulifanya nini.
3. Ulichotenda. Vitenzi tu, bila ya sifa.
4. Ulichopata papo hapo.
5. Ulicholipa baadaye.

La nne ndilo linalorukwa na karibu kila mtu, kwa aibu. Lakini hakuna tendo la papara lisilolipa kitu papo hapo: kifua kimepoa, umeonekana hujaonewa, umesahau deni kwa nusu saa. Usipoliandika hilo hutojua unapambana na nini.

Tazama maandishi mawili ya tukio moja. La kwanza ni la aina tunayoiona sana:

> Leo nimemkosea adabu ami kwenye grupu. Mimi sina subira, ndivyo nilivyo. Na yeye naye amezidi. Inshaallah nitajirekebisha.

Ndani yake mna hukumu, udhuru, lawama na ahadi. Hamna saa, hamna mahali, hamna hata neno moja lililosemwa. Ukilisoma baada ya mwezi halikwambii kitu. La pili:

> Jumatano, saa 10 jioni, Darajani, nasubiri gari. Jua. Sijala tangu chai ya asubuhi. Grupu la ukoo. Ami kaandika: “Hesabu ya karafuu atatuletea huyo aliyesoma.” Masikio yakawaka. Dole gumba lilikuwa limeshagusa maikrofoni kabla sijamaliza kusoma. Nikatuma sauti, sekunde 40.
> Nilichopata: kifua kikapwaya. Nilihisi nimemjibu.
> Nilicholipa: saa 12 mama kapiga, analia. Ami katoka kwenye grupu. Karafuu za vuli hatujui nani atazisimamia.

Sentensi ya dole gumba ndiyo inayoupa thamani ukurasa mzima. Mwandishi amegundua kwamba mkono ulitangulia macho, na kwamba alitenda kabla ya kumaliza kusoma. Hilo ni jambo la kushikika. “Sina subira” halishikiki.

Niandike lini, na kwa muda gani?

Dakika 10 hadi 15, usiku, ukilifunga na jambo ambalo tayari hulikosi. Kwa wengi hapa ni baada ya sala ya Isha. “Nikipata nafasi” maana yake hutoandika.

Usiandike ukiwa bado unatetemeka. Ngoja angalau nusu saa. Wala usiache ikapita siku nzima, kwani baada ya usingizi mmoja maneno yaliyosemwa huanza kubadilika, na mara nyingi hubadilika kwa faida yako.

Wiki mbili za mwanzo usijaribu kujibadilisha. Andika tu. Ni agizo gumu kwa mwenye papara, maana anataka kupona kesho. Wengine tabia huanza kupungua yenyewe kwa sababu inatazamwa. Usilitegemee hilo, huwa halidumu.

Na andika pia siku ulizojizuia. Daftari la makosa matupu huchosha, halafu linaficha jambo muhimu: siku ile uliyonyamaza, kulikuwa na nini tofauti?

Nimejaza wiki mbili. Sasa?

Kaa siku ya Ijumaa kwa dakika 20 usome yote mara moja, kalamu mkononi. Piga mstari chini ya kila mahali, kila saa, kila mtu na kila hali ya mwili, kisha hesabu kwa vijiti. Kwa kawaida utakuta mambo mawili au matatu yanarudi, na mara nyingi si yale uliyoyadhania. Mtu huja akisema tatizo lake ni mke, na vijiti vinasema tatizo ni saa moja ya mwanzo baada ya kurudi kazini.

Chagua moja. Moja tu. Liandikie sentensi ya ikiwa-basi juu ya ukurasa mpya. Kwa mfano wetu: *Ikiwa kidole kimegusa maikrofoni kwenye grupu la ukoo, basi natia simu mfukoni na sijibu mpaka nimekula.*

Isome kila asubuhi, na usiku andika kama ilitumika. Ikae wiki mbili kabla hujaongeza nyingine.

Sentensi yangu haifanyi kazi. Kwa nini?

Angalia makosa haya, tumeyapanga kwa wingi wake:

“Ikiwa” ni pana. “Ikiwa nimekasirika” haifai, kwa sababu ukishajua umekasirika umeshachelewa. Tafuta dalili ya mwili au ya mahali inayotangulia: taya limekaza, umesimama ghafla, umeufungua mkoba.

“Basi” ni katazo. “Basi sisemi” humwacha mtu mkono mtupu. Mpe la kufanya: kunywa maji, kutoka kibarazani, kuuliza “unakusudia nini?”

Au “basi” haiwezekani pale ulipo. Kupanga kwenda kutembea ufukweni wakati unafanya kazi ya daladala ni kujidanganya.

Au imesahau namba nne, ulichopata papo hapo. Ikiwa papara ilikuwa inakulipa kuonekana hujaonewa, na mbadala wako unakufanya uonekane mnyonge, utaukataa kila mara. Tafuta mbadala unaolinda heshima yako: “Ami, hilo nitakuja kulizungumza nyumbani” ni jibu la mtu mzima, halafu linanunua siku mbili.

Mbona nikiandika ndiyo kwanza nazidi kukasirika?

Kwa sababu hutafakari, unacheua. Dalili zake: ukurasa wa tatu unarudia wa kwanza, “yeye” ni wengi kuliko “mimi”, na umeanza kuandika atakachokujibu na wewe utakachomjibu.

Tiba tatu. Weka saa ya simu dakika 15, ikilia acha hata katikati ya sentensi. Rudi kwenye yale mambo matano, maana maandishi huru ndiyo yanayozunguka. Tatu, jiandike kwa jina lako kama unamsimulia mtu mwingine: “Saa 10 Khamis alikuwa amesimama Darajani…” Utafiti wa Ethan Kross na wenzake umeonesha kwamba kujitaja kwa jina badala ya “mimi” humpa mtu umbali kidogo na hisia zake. Mwanzo linachekesha. Fanya hivyo hivyo.

Nikiwa na hasira, niandike ujumbe nisiutume?

Ndiyo, lakini daftarini. Usiuandike kamwe kwenye kisanduku cha WhatsApp ukisema utaufuta, kwani kati yako na majuto pana kidole kimoja. Sauti ni mbaya zaidi: hairekebishwi, inasambazwa, na ukiifuta baadaye walioisikia wameshaisikia. Ukishaandika daftarini, lala. Asubuhi piga mstari chini ya kila sentensi ambayo ungeweza kuisema mbele ya mama yako. Zenye mstari ndizo unazoweza kutuma. Mara nyingi ni moja au mbili.

Tahadhari moja kubwa kwa wanaume walioowa: usiandike maneno ya talaka popote, hata kwa kupoza moyo, hata kwenye karatasi ya kuchanwa. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Unguja na Pemba, talaka ya maandishi huangaliwa nia, na aliyeandika akiwa na ghadhabu anaweza kushindwa kujua nia yake ilikuwa nini. Ikiwa umeshaandika, usijitolee fatwa mwenyewe. Nenda kwa sheikh au mahkama ya Kadhi.

Papara yangu ni ya pesa, hasa msimu wa karafuu.

Pesa inayoingia kwa mkupuo ndiyo mtihani wake. Mwaka mzima ni mikopo ya dukani, halafu siku moja unatoka kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na bahasha. Wachumaji wanataka malipo yao kwa pishi, watoto wanataka sare za skuli, na pikipiki ya jirani inang’ara.

Ukurasa wa pesa uandikwe *kabla* ya kuuza, karafuu zikiwa bado zimeanikwa kwenye jamvi. Siku zile kadhaa za jua, za kuanua na kuanika, ndizo siku za kuandika, kwa kuwa pesa bado haijafika kukushawishi. Gawa ukurasa mara tatu: ninachodaiwa (jina na kiasi), kisichoepukika mpaka msimu ujao (skuli, palizi ya shamba, matibabu), na moyo unachotaka. Fungu la tatu liwepo. Asiyelitengea nafasi kwenye karatasi atalilipa kwa siri.

Kwa manunuzi ya kawaida tumia usiku tatu: andika kitu, bei, duka, na ulikuwa unahisi nini ulipokiona. Baada ya usiku tatu kisome. Ukikitaka bado na pesa ipo, nunua bila ya kujilaumu. Kwa kina mama wanaobanwa na sare za harusi, andika pia *nani alikuwa anatazama* ulipokubali kuchangia. Papara nyingi za sare ni haya ya kusema “mwezi huu siwezi”, na hiyo nayo huandikiwa ikiwa-basi.

Hii si muhasaba (kuihesabu nafsi) tu, kwa jina jengine?

Ni jamaa wa karibu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliifananisha nafsi na mshirika wa biashara: unawekeana naye sharti asubuhi, unamchunga mchana, unafanya naye hesabu jioni. Anayefanya hivyo tayari hana haja ya kuanza upya. Aongeze kalamu na ile dakika ya kabla.

Hata mpango wa ikiwa-basi si mgeni. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, mwenye kughadhibika akiwa amesimama anaelekezwa akae, na ikiwa ghadhabu haijamtoka, alale. Hilo lina dalili wazi, tendo la mwili, na hatua ya pili ya kwanza ikishindwa. Mipango michache inayoandikwa madaftarini imekamilika hivyo.

Naweza kuandika kwa herufi za Kiarabu? Na kama sijui kuandika vizuri?

Unaweza, na kwa waliojifunza chuoni (madrasa) tu ni bora zaidi. Mkono unakwenda polepole, na vijana wa nyumbani wengi hawatoweza kukusoma. Asiyeandika kabisa anaweza kujirekodi sauti ya dakika mbili kwa mambo yale yale matano, asijitumie wala kumtumia mtu, na Ijumaa azisikilize zote. Kuhesabu vijiti hakuhitaji elimu.

Mwanangu wa miaka 13 ni mgomvi skuli. Nimwandikishe?

Umfundishe, usimwandikishe kama adhabu. Mistari 100 ya “sitopigana tena” inamfundisha kuchukia kalamu. Mpe mambo matatu tu (kilichotokea kabla, nilichofanya, nilichopata), dakika tano, na usisome bila ya ruhusa yake. Ukisoma mara moja kwa siri, ataanza kukuandikia wewe.

Nyumba yetu imejaa watu. Watasoma.

Wataweza. Andika watu kwa herufi moja, na isiwe ya mwanzo wa jina. Kurasa za ujumbe usiotumwa zichane siku ya pili, uzitie majini mpaka ziwe uji, au uziunguze jikoni. Ukurasa wa ikiwa-basi ubakie; huo hata ukisomwa hauna siri.

Lini daftari halitoshi?

Ukiwa unampiga mtu au umekaribia. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru. Ikiwa papara imekuja ghafla pamoja na siku kadhaa za kutolala, maneno mengi na matumizi ya ajabu. Ikiwa ni tangu utotoni, kila mahali, pamoja na kushindwa kutulia na kusahau sana. Au ikiwa kuna dawa za kulevya. Hayo ni ya mtaalamu, na baadhi yana tiba ya dawa inayosaidia. Unguja ipo hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu. Pemba anzia hospitali iliyo karibu nawe na uulize huduma ya afya ya akili. Lichukue daftari: daktari atapata kwa dakika tano kile ambacho ungemweleza kwa saa nzima.

Nimeacha wiki tatu. Nianze upya?

Usijaze siku zilizopita, utabuni. Andika tarehe ya leo na uendelee. Kama uliacha baada ya tukio la aibu kubwa, andika hilo kwanza, kwa mambo matano, kavu.

Daftari limejaa. Nilitupe?

Kabla ya hapo nakili vitu viwili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya: sentensi za ikiwa-basi zilizofanya kazi, na ile orodha ya vijiti ya mara ya mwisho. Lililobaki ni lako, la kuweka au kuunguza.